Theluji au masika: mtoto aanze na kitabu kipi?

Ukipekua vitabu vya picha kwenye meza za mitumba Dar es Salaam au Nairobi, utakutana na miti iliyopukutisha majani, watoto waliovaa glavu za sufu na sungura anayesubiri baridi iishe. Wazazi na walimu wengi wanahoji vina faida gani kwa mtoto ambaye mwaka wake ni wa masika, kipupwe, vuli na kiangazi.

Hoja yao ina uzito. Mtoto wa miaka mitatu hujifunza kwa kulinganisha picha na kitu chenyewe. Kitabu cha masika kinampa nafasi hiyo: jongoo anayekatiza njia, ukimgusa anajikunja, kumbikumbi wanaojazana kwenye taa usiku, na asubuhi mbawa zao zimetapakaa barazani. Akitoka nje anavikuta, akirudi anakidai kitabu kilekile. Kitabu cha theluji hakimpi kitu cha kwenda kuhakikisha. Na akilelewa kwa vya namna hiyo tu, ataamini kwamba kwao hakuna kinachostahili kuchorwa.

Hata hivyo, siungi mkono wanaotaka viondolewe rafuni. Chukua The Snowy Day cha Ezra Jack Keats, kilichotoka Marekani mwaka 1962. Mtoto mweusi aitwaye Peter anaamka na kukuta mji mzima mweupe. Anatazama nyayo zake, anaburuta kijiti kuchora mstari, anagonga mti na theluji inamdondokea kichwani. Bonge moja analitia mfukoni alichezee kesho. Usiku anakuta mfuko mtupu, anasononeka. Hakuna anayemkanya wala kumfundisha. Mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York ilipotaja vitabu vilivyoazimwa zaidi katika historia yake, hiki ndicho kilichoongoza, kwa zaidi ya mara 485,000. Mtoto wa Tanga ambaye barafu ya ukwaju imewahi kumyeyukia mkononi anaielewa huzuni ya Peter bila kufafanuliwa.

Hapa ndipo vitabu vyetu vingi vinapokwama. Mvua haiachwi inyeshe tu. Lazima mtoto asiyesikia aloe, augue, kisha aombe msamaha. Mazingira yanakuwa kisingizio cha kumwadabisha msomaji ambaye hajakosa lolote.

Funzo lenyewe si kosa, maana ngano zetu zimeishi nalo. John Kilaka, Mtanzania anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, ana kisa cha Panya na Tembo: ukame unakaribia, Tembo anamshawishi rafikiye aweke chakula nyumbani kwake, kisha anamnyima. Panya anahama, ndipo wanyama wanatambua kuwa yeye pekee ndiye ajuaye kuwasha moto. Funzo linachipuka ndani ya urafiki na ukame wenyewe. Nani hapa asiyeujua ukame? Lakini kitabu hicho kilitoka kwanza kwa Kijerumani, nchini Uswisi.

Sababu kubwa ya vitabu kama hicho kutoanzia hapa kwetu ni fedha. Kurasa za rangi ni ghali kuchapa, na nakala zikiwa chache kila moja inazidi kupanda bei, hivyo wachapishaji wa hapa wanakimbilia vitabu vya kiada vyenye soko la uhakika. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, unatoa hadithi za picha bure mtandaoni, nyingine kwa Kiswahili, na leseni yake inaruhusu kuzichapa na kuzitafsiri. Ni msaada mkubwa. Bado mtoto mdogo anahitaji karatasi ya kufunua mwenyewe, na shule nyingi hazina hata printa.

Kwangu mimi, darasa la awali lianze na kilicho nje ya mlango: masika, vuli, bibi anayeanika mihogo, rafiki wa jirani. Theluji ije baadaye kidogo, mtoto akishajua kwamba kitabu kinaweza kumhusu. Waandishi wetu nao waazime kutoka kwa Keats ule utulivu wa kumtazama mtoto akicheza bila kumhukumu, wauhamishie kwenye dimbwi la masika. Kwa familia zinazozungumza Kiswahili huko Minneapolis au Toronto, mpangilio ugeuke: theluji iko dirishani, kwa hiyo kitabu cha theluji kwa Kiswahili ndicho kitangulie, cha masika kifuate.