Wakili Wangu ni Harold

Mtaani kwetu mwanamume akionekana anaanika nguo au anarudi sokoni na fungu la mchicha, wajuzi wa kijiweni hutangaza papo hapo kwamba amelishwa limbwata, na mimi ambaye nimetangazwa hivyo kwa miaka mingi sina tena hamu ya kujitetea kwa mdomo wangu. Nimempata wakili. Anaitwa Harold Bissonette, mwenye duka la vyakula huko New Jersey katika filamu ya vichekesho It's a Gift, iliyotolewa na kampuni ya Paramount mwaka 1934, ambamo W. C. Fields anaigiza mume asiyepewa nafasi ya kumaliza sentensi katika nyumba anayoilisha mwenyewe.

Watu humcheka kwa sababu mkewe Amelia humsema tangu asubuhi hadi usiku wa manane, tena kwa sauti isiyoshangaza ukijua kwamba aliyemwigiza, Kathleen Howard, alikuwa mwimbaji wa opera kabla ya kuingia kwenye filamu. Mimi sicheki. Namtazama akijaribu kunyoa ndevu, binti yake anaingia na kusimama mbele ya kioo, naye baba mtu anabaki akichungulia nyuma ya kichwa cha mwanawe, wembe mkali mkononi. Hatimaye anatundika kioo kidogo kwenye taa, kioo kinazunguka, naye anazunguka nacho, akinyoa shavu kila linapopita. Kwangu kioo hakizunguki, lakini mlango wa bafu una foleni kila asubuhi, na ninapolalamika naambiwa kwamba mimi ni mtu mzima, nivumilie.

Usiku simu yao inalia. Mpigaji amekosea namba, alikuwa akitafuta hospitali ya wazazi. Harold anamweleza mkewe ukweli huo mtupu, na Amelia anaona ni ajabu mno kwamba hospitali ya wazazi impigie mumewe saa kama hizo. Hapo nilisimamisha filamu nikanywa maji kwanza, kwa maana namba iliyokosewa imewahi kuniitishia kikao cha wazee wa pande zote mbili, na mpaka leo yule aliyepiga hajajitokeza kutoa ushahidi.

Basi Harold anachukua matandiko yake na kuhamia kwenye kiti cha bembea barazani, akidhani kwamba huko atapata usingizi. Muuza maziwa anapita na chupa zinazogongana. Nazi inaporomoka ngazini, daraja moja baada ya jingine, bila haraka yoyote. Anatokea wakala wa bima anayemtafuta mtu aitwaye Carl LaFong, analitaja jina hilo herufi kwa herufi, na akishamkosa mwenyewe anaona ni vyema amuuzie bima huyu aliyelala. Mtoto wa ghorofa ya juu anamdondoshea zabibu kupitia tundu la sakafu, na Amelia naye, aliyesikia sauti, anataka kujua mumewe anazungumza na wanawake gani. Kiti chenyewe nacho kinakatika. Sisi hatuna haja ya nazi, kwa kuwa mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na kipaza sauti alfajiri, tena siku za mapumziko ndiyo hurudia mtaa wetu.

Fields alianza maisha ya jukwaani kwa kurusha na kudaka vitu, ndiyo maana hata kuanguka kwake kuna vipimo. Lakini ninachokihusudu zaidi kwake ni kunung'unika. Kwa sauti ya kusikika anakubali kila kitu, kisha yaliyobaki anayatoa chini kwa chini, puani. Huo ni ujuzi, wala si woga kama wanavyodai pale kijiweni. Mama watoto akiniuliza, «Umesemaje, baba?» huwa nimeshaandaa sentensi ya pili: «Nasema chumvi imekolea vizuri.»

Ninakotofautiana na filamu hii ni mwisho wake. Harold anarithi fedha za mjomba, ananunua shamba la machungwa California bila kumsikiliza mkewe, anafika na kukuta ardhi kavu na kibanda kibovu, na gari lao nalo linasambaratika. Mara jirani anamnong'oneza kwamba kuna watu wanaoihitaji sana ardhi hiyo kwa ajili ya uwanja wa mbio za farasi, naye anakomaa mpaka anapata dola 40,000 na shamba la machungwa la kweli juu yake, na Amelia anatamka kwamba pamoja na upumbavu wake anampenda. Kiwanja changu cha Mkuranga nilikinunua kwa moyo huohuo, ila hadi sasa waliokitamani ni mbuzi wa jirani peke yao, na mama watoto hukiita «malisho» mbele ya wageni. Huwa namjibu kwamba siku barabara kubwa ikipita pale tutaona nani atacheka, ingawa sehemu hiyo huitamka nikiwa nimeshafika uani.