Zebaki haiteketei

Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa huku katikati ya Tanzania, awe Bahi, Sekenke au Londoni, ameshaambiwa kwamba zebaki ni sumu. Anaitikia, na jioni anaichoma jikoni. Simuiti mkaidi. Amepewa katazo bila kuelezwa tabia ya kitu chenyewe, na hilo ni kosa letu sisi tuliosoma kemia.

Zebaki ni metali, lakini katika joto la kawaida ni kimiminika. Ni nzito mara 13 na nusu kuliko maji, hata msumari wa chuma huelea juu yake. Shuleni tulikariri alama yake, Hg, bila kuambiwa inatoka kwenye hydrargyrum, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya fedha ya maji. Wazungu wengine wakaiita Mercury, kwa jina la sayari na la mjumbe wa miungu wa Warumi aliyesifika kwa mbio. Waliotoa majina hayo waliona mng'ao na wepesi wa kutiririka. Mvuke haukutajwa, na mvuke ndio unaodhuru zaidi.

Tazama kazi inavyokwenda mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, mama anamimina zebaki kwenye karai na kukanda mchanga kwa mikono mitupu. Zebaki inakamata dhahabu. Anaikamua kwa kitambaa, linabaki donge la kijivu dogo kama punje ya hindi. Likiwekwa kwenye kijiko juu ya mkaa, taratibu linageuka njano. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, dhahabu huyeyuka kwenye 1064, kwa hiyo moja inapaa na nyingine inabaki.

Inapaa kwenda wapi? Zebaki ni elementi, kitu cha msingi kisichovunjika kuwa vitu vingine, na moto hauwezi kuteketeza elementi. Mvuke huo, usio na rangi wala harufu, unaingia kifuani, unafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Unaobaki unapoa na kurudi kuwa matone ya zebaki kwenye kuta, paa na vyombo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Vizuri. Ila wakati tunasubiri njia mbadala zifike, maofisa wa madini wakae mwaloni wawaonyeshe watu ritoti: chombo kilichofunikwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji, mvuke ukarudi kuwa zebaki inayotumika tena. Na uchomaji utoke jikoni leo, hata kabla ritoti haijapatikana.