Sasa tonton Phil ni miye, lakini mushahara yake siko nayo

Kama ulikomea Lubumbashi miaka ile ya Le Prince de Bel-Air, ile filime ya kuchekesha ya Marekani mu televizio, unayua vile batoto ba Bel-Air balikuwa banatutesaka. Kwa bageni niseme: huku kwetu kuko Bel-Air ya kweli, mu komini ya Kampemba, iko na mavumbi yake na bamama benye banauzisha makala ku barabara. Na Marekani kuko Bel-Air yabo, ku Los Angeles, ya batajiri. Sasa filime inatokea mu televizio na lile jina, batoto benye tulisoma nabo banainua shingo, eti Prince ni wa kwetu. Mumoya mu klase alianza kugeuza kasketi pembeni na kusema kwabo hapana mbali na kwa Will, njo ule Prince wa mu filime, na hakuna mwenye aliweza kumubishia juu nani alikuwa na karte ya Los Angeles? Siye ba Katuba, komini ingine, tulinyamaza. Nani alikuya kuchezea filime Katuba?

Na kitu yenye inaniuma mpaka leo, nimekuya kuyua mu ukubwa kama ile nyumba nyeupe banaonesha haiko hata mu Bel-Air, iko Brentwood, quartier ya jirani. Kumbe ata bazungu na beusi ba Marekani ni kama bale ba hapa benye banaikala mbali kabisa nyuma ya Golf, quartier ya batajiri, na ukibauliza banakujibu "niko Golf". Miaka yote ile shingo inainuliwa juu ya bure.

Lakini hapana ile njo inaniumiza leo. Leo niko nawaza hadisi yenyewe. Ilianza 1990, ikaisha 1996, sizoni 6, episodi 148, na yote ile juu ya nini? Mutoto amepigana kidogo ku kiwanja ya basket kule Philadelphia, mama yake akaogopa, akamutuma aende kuikala kwa ndugu yake mwenye bwana yake, njo tonton Phil, iko na feza. Basi! Bamarekani baliona ile ni ajabu, batengenezee filime, bantu bacheke. Mutoto anafika kwa mama mudogo na valizi yake! Sasa mu Lubumbashi ni nyumba gani haina? Nitajie avenue moja tu yenye haina mutoto mwenye alikuya juu ya juma mbili na sasa njo anajua fasi funguo inafichwa kuliko baba mwenye nyumba.

Wangu alitoka Kamina. Mutoto wa mukubwa wa bibi yangu, eti anakuya kujiandikisha ku iniversite kiisha atatafuta homu ya banafunzi ya kulala. Akafika na begi moya na kasketi. Nilipoona ile kasketi tu nilipaswa kuelewa.

Mu utoto bote tulikuwa tunajiona Will. Hakuna mutoto alitaka kuwa Carlton, mutoto wa tonton Phil, na kuwa tonton Phil ilikuwa ni kama kuambiwa utacheza golkipa. Mubaba wa tumbo, kupiga makelele mu salon, tunamucheka. Basi angalieni: Mungu haachake. Sasa nikitazama tena ile filime mu telefone ya bibi, siangalie hata Will. Namuangalia mubaba. Naangalia ginsi anaingia jioni na kravati, amechoka, anakuta muziki mu nyumba yake, viatu ya bantu juu ya kiti yake, na mutoto mwenye hata hapana wa damu yake anamuita jina ya kumucheka tumbo. Na anavumilia! Lakini naye alikuwa avoka, kiisha akakuwa juji, mushahara ya juji wa Marekani unaweza kuvumilia nayo bantu kumi. Miye niko na depo kidogo ya unga, na ile unga njo inakulwa.

Juu ya chakula, nisiseme mingi. Mule kwa ba Banks, familia ya tonton Phil, muntu anaingia jikoni, anafungua frigo, anakamata kitu, anaondoka, hakuna mwenye anageuka. Kwangu mutoto wa Kamina akigusa kifuniko ya sufuria, nyumba yote inasikia. Bukari yenye ilikuwa inatosha mpaka watoto wanabakisha, sasa inaisha nikingali nanawa mikono. Nikisema, bibi ananijibu polepole: "Papa batoto, mutoto wa ndugu ni mutoto yako." Vizuri. Lakini mbona ule mutoto yangu haniite papa siku mayi imekosekana na kuko bido ya kubeba?

Na Geoffrey je? Balikuwa na boyi! Boyi Mwingereza, suti, glavu, anatukana patron mbele ya bibi yake na mushahara inaingia tu. Hapa Lubumbashi boyi akijibu vile asubui, mangaribi iko mu basi ya Kasenga. Kwangu Geoffrey ni miye, na suti sina.

Tena bale balikuwa na ruhusa ya kufukuza bantu. Unakumbuka Jazz, rafiki ya Will? Tonton Phil anamushika, unamuona anaruka inje ya mulango kama mufuko ya viazi. Ukiangalia vizuri ni picha ile ile banarudisharudisha, njo maana siku anafika na ile shati yake unayua mbele ya wakati kama leo atalala inje. Raha gani ile! Miye nikijaribu kumutosha mutoto wa mukubwa wa bibi, siku ile ile jioni kuko konsey ya familia, bakwe bangu bote mu salon, benye hasira, na sikre ya kunywa ya kubapatia ni miye nanunua.

Papa yetu, Mungu amupumuzishe, alikuwa anatazama na siye juu grupe, mashini ya kutoa moto ya umeme, ilikuwa yake na esanse ilikuwa yake. Alikuwa na maulizo yake. Bale banachekaka nyuma ni banani? Kama beko mu nyumba, beingie, basalimie bantu. Na siku tantine Viv, bibi ya tonton Phil, alirudi na sura ingine kabisa, juu walibadilisha mwanamuke kisha sizoni ya tatu, Janet Hubert akaenda, Daphne Maxwell Reid akaingia, mule ndani hakuna ata mumoya alishangaa, banakula tu. Papa akatikisa kichwa, akasema: "Ile ni deziem biro, bibi wa pembeni, amemuingiza mu nyumba mukubwa." Mama akamuangalia. Tukanyamaza bote mpaka publicité.

Lakini kuko ile ya baba wa Will. Unaiyua. Baba alikimbia zamani, anarudi na kamiyo yake, anaahidi kumubeba mutoto, kiisha anatoroka tena, na Will anabakia anauliza mbona baba hamutake, na tonton Phil anamukumbatia. Mbele ya kumukumbatia Papa akasimama, akasema esanse imeisha, akaenda kuzima grupe. Kesho yake nilitumwa kuiwasha. Bido ilikuwa nusu. Ile kukumbatia nimeiona mu ukubwa, na ule mubaba alicheza muzuri sana, James Avery, alikufa 2013 siku ya mwisho ya mwaka.

Na mu 2022 banatoa ingine, mupya, jina Bel-Air tu. Hakuna kicheko, bantu banalia, na tonton Phil wa mule haina tumbo! Mubaba mwembamba, kifua, kama muntu wa kukimbia asubui. Nauliza tu: tonton bila tumbo atakulisha nini? Ule nikifika kwake na valizi naogopa atanipa saladi.

Basi juzi nilitazama episodi ya mwisho. Iko na dawa ndani na hakuna mwenye alituambia! Tonton Phil anauza nyumba. Njo vile, alitafuta namna ya kumaliza na bantu, akakosa, akauza nyumba yote, kila mumoya na njia yake. Akili ya juji. Miye siko hata na nyumba ya kuuza, niko napanga, lakini nilijisemea kuhama naye ni kuuza. Wakati wa kula nikasafisha koo, nikasema naona tutahama, nyumba ya kidogo-kidogo, ya mbali-mbali. Bibi akanyamaza. Batoto bakanyamaza. Wa Kamina akamaliza kumeza, akavuta sahani ya sombe karibu naye, akaniuliza:

"Papa mudogo, ile quartier moto inakuyaka? Juu ndugu yangu ya nyuma anafika siku ya tano, na telefone yake haishikake chaji."