Alikuwa na ujumbe mmoja tu

Mwenzetu mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, alimaliza mwaka mzima wa masomo bila kunyoosha mkono darasani. Kozi zetu ni za Kifaransa, na ukikosea kitenzi mbele ya watu mia mbili, kicheko kinaanzia viti vya nyuma. Kwa hiyo alinyamaza, na sisi tukadhani hana la kusema.

Mwaka huu asistanti, yaani msaidizi wa profesa chuoni, alitupa kazi ya watu sita juu ya bei ya makala, yaani mkaa, hapa Lubumbashi. Akafungua grupu ya WhatsApp, akasema kila mmoja aandike humo mara tatu kwa wiki, kwa Kifaransa, naye atahesabu. Tukamtii. Wiki ya kwanza tulipata ujumbe kumi na nane kamili. Nusu yake ilikuwa "nakubaliana na mwenzangu". Iliyobaki ilikuwa aya ndefu juu ya misitu ya dunia, zilizonakiliwa kwenye intaneti, ambazo hata aliyezituma hakuzisoma hadi mwisho. Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali hata moja.

Wiki ya pili, usiku, umeme umekatika, ikaingia vokali, yaani ujumbe wa sauti, ya dakika saba kutoka kwa yule mwenzetu wa Katuba. Kiswahili kitupu: "Bandugu, munisikilize kidogo. Mambo ya bei haiko vile."

Mama yake anauza makala kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Akatueleza kwamba mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja, barabara za vijijini zinageuka tope na lori zinakwama. Kuni zinakuwa na maji, tanuri la udongo halishiki moto vizuri, na wachomaji wengi wanaliacha waende kulima. Mifuko inayofika mjini inapungua. Lakini muuzaji hapandishi bei siku hiyohiyo, maana wateja watamkimbia. Anapunguza kipimo. Bei ya kifuko kidogo inabaki ileile, ila ndani mna makala machache. Kwa hiyo, alisema, mkiandika bei peke yake mtaona hakuna kilichobadilika, na mtakuwa mmeandika uongo.

Nilisikiliza mara mbili. Mwenzetu wa Ruashi akauliza: basi tutapimaje? Mwingine akasema shangazi yake ana mzani. Mwingine akapinga, akisema kila muuzaji ana kifuko chake, lazima tupime kwa wauzaji walewale kila wiki. Tulibishana hadi saa sita usiku, na kabla hatujalala, njia yote ya utafiti wetu ilikuwa imebadilika.

Ninachoamini ni hiki: walimu wetu waturuhusu kufikiri pamoja kwa Kiswahili, halafu tuandike kwa Kifaransa. Kifaransa ni lugha rasmi, sikatai, na kazi ya mwisho iandikwe hivyo. Lakini Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha kwanza kabisa, inataja pia lugha nne za taifa, na Kiswahili kimo. Isitoshe, Kiswahili cha mji huu kilikua kwenye kazi za pamoja. Mji ulianza 1910 kwa ajili ya shaba, wakaja watu kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi, kila mmoja na lugha ya mama yake, na ilibidi waelewane migodini na kambini. Babu zetu walikitumia kushirikiana na watu wasiowajua. Inaniuma sana kuona wajukuu wao wakizuiwa kukitumia kwenye kazi ya kikundi.

Vokali nayo ina shida zake, nakiri. Inakula mega, yaani data ya intaneti, kuliko maandishi, na huwezi kuipitisha macho haraka kutafuta neno moja. Asiye na mega wiki hiyo anaachwa nje, kisha anaitwa mvivu. Ndiyo maana tulikubaliana kwamba kila jioni mmoja wetu anaandika mistari mitano: nini kimeamuliwa, nani anafanya nini. Aliyekosa mtandao siku tatu anaisoma akirudi, na hakuna anayemgombeza.

Kuhusu kuhesabu ujumbe, msimamo wangu ni mkali zaidi. Hesabu hiyo inamlipa mwenye kelele. Mwalimu aangalie nani aliuliza swali lililomfanya mwenzake arudi kupima tena, na nani alikubali kwamba alikosea. Itamchukua muda, ndiyo, na najua ana wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwasoma. Basi achague mazungumzo ya wiki moja tu, ayasome yote kwa makini.

Kazi tumeshaitoa, kwa Kifaransa, kurasa kumi na mbili, pamoja na uzito wa vifuko vyetu vyote. Jana nilimwandikia asistanti nikimwomba kwa heshima aisikilize ile vokali kabla ya kutoa alama, kwa sababu wiki ile, kwenye hesabu yake, mwenzetu wa Katuba alikuwa na ujumbe mmoja tu.