Simba Alikuwa Kwenye Mpini

Herufi zilikuwa nne: E, P, N, S. Kila moja imekaa ndani ya ngao yake ndogo nyuma ya uma, imechongwa kwa mikogo ya maandishi ya kale. Nikazikagua kwa kioo cha kukuzia, nikajikohoza kama daktari aliyepata majibu ya vipimo.

"Shangazi, hii ni fedha halisi ya Uingereza. E ni herufi ya mwaka. P ni fundi."

"Na N?"

"N ni mji."

"Mji gani?"

"Ule unaoanza na N."

Shangazi akaridhika, au alichoka. Akaniachia sanduku zima, uma 12 na visu 6, nimsafishie kabla ya wageni wa Jumamosi. Nikamwonya mapema kuhusu visu: vina mipini miepesi, imebonyeabonyea, bila shaka ni bandia. Nitavisafisha mwisho, kama muda utaruhusu.

Sasa tuseme ukweli ambao kioo changu hakikuniambia. Chapa za fedha ya Uingereza hutegemea picha kwanza, ndipo herufi. Unayemtafuta ni simba anayetembea kwa mikogo, ameinua mguu mmoja wa mbele. Ametumika tangu 1544, na leo kazi yake ni kukuhakikishia kwamba kati ya sehemu 1,000 za kitu hicho, 925 ni fedha. Zinazobaki kwa kawaida ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa kazi ya mezani. Pembeni yake utaona alama ya mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield (taji lilipisha waridi katika miaka ya 1970). Kisha herufi moja ya mwaka na herufi za jina la fundi. Vitu vya kati ya 1784 na 1890 mara nyingi huwa na kichwa cha mfalme au malkia, ishara kwamba kodi ililipwa.

EPNS siyo mwaka, siyo fundi, wala siyo mji unaoanza na N. Ni kifupisho cha Kiingereza cha chombo kilichochovywa fedha kwa umeme juu ya kile wanachokiita "fedha ya nikeli", ambayo ni shaba, zinki na nikeli, bila chembe ya fedha ndani yake. Jina tu hilo. Kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya uchovyaji huo mwaka 1840, na baadaye mafundi wengi wakapenda kuzitia herufi hizo kwenye ngao ndogondogo ili kwa mbali zifanane na chapa za fedha. Zinafanana hasa ukiwa na kioo cha kukuzia na kiburi.

Nikaanza na uma, hazina yangu. Mashina yake yalikuwa na mistari myeusi, mahali ulipokaa mpira wa kufungia. Mpira una salfa, na salfa ndiyo inayoipa fedha weusi. Sufu na mayai nayo yana tabia hiyohiyo. Nikachukua dawa ya meno na mswaki mgumu. Nikasugua kwa mizunguko, kwa nguvu, kwa upendo. Uma wa kwanza ukametameta. Wa pili ukametameta. Kufikia wa nne, ncha za meno zilianza kutoa umanjano wa kijivu, na nyuma ya shingo, pale uma unapokaa juu ya meza, doa kama hilo likajitokeza. Nikadhani ni uchafu sugu. Nikaongeza dawa ya meno.

Doa likakua, maana tabaka la kuchovya ni jembamba kuliko unywele na nilikuwa nimeshalimaliza. Sehemu zinazogusa meza ndizo huisha kwanza hata bila msaada wangu, ndiyo maana sonara akiletewa uma huanza kuugeuza mgongo. Chombo cha kuchovya kilichofifia kidogo hakihitaji zaidi ya maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kukaushwa papo hapo. Kikiwa cheusi kweli, chukua chaki laini ya unga, ikoroge na maji mpaka iwe kama uji mwepesi, uipake kwa kitambaa cha pamba, na usugue kwa mistari iliyonyooka kufuata urefu wa kitu. Dawa ya meno ina chembe za kukwaruza. Meno yana enameli. Uma wa shangazi hauna.

Nikavigeukia visu vya "bandia". Kwa kuwa havikuwa na thamani, sikuona haja ya kujichosha. Nikatandika foili ya alumini kwenye beseni, nikapanga visu juu yake vyote sita, mipini na makali pamoja, nikanyunyiza magadi soda, ile ya kuumulia keki, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, nikamwaga maji yanayochemka. Kemia yake ni ya kweli: salfa huiacha fedha na kuhamia kwenye alumini, mradi chombo kiguse foili. Harufu inayotoka ni ya yai viza.

"Nani?" shangazi akauliza kutoka sebuleni. Hakungoja jibu, akafungua madirisha.

Ningepaswa kushtuka hapo. Harufu ile maana yake kulikuwa na fedha ndani ya beseni. Badala yake nikashtuka nilipoinua kisu cha kwanza, mpini ukaja, ubapa wake ukabaki majini. Cha pili vilevile. Cha tatu kiliachia taratibu kama jino bovu, kikafuatwa na uzi mweusi wa kitu kinachonata.

Mpini wa aina ile ni ganda la fedha nyembamba lililojazwa ulimbo, na ubapa wa chuma umechomekwa humo kwa mkia wake. Maji ya moto huulainisha ulimbo, basi. Visu vya namna hiyo havilowekwi kabisa, hata kwenye maji ya uvuguvugu. Hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, kimoja kimoja. Nikafuta ulimbo pembeni mwa mpini, na hapo, amefifia, amesuguliwa na vidole vya watu wa miaka mingi, alikuwepo simba. Ameinua mguu. Pembeni yake taji. Wepesi niliouita ubandia ulikuwa wa ganda jembamba la fedha halisi.

Fundi angeukwangua ulimbo wa zamani, angesafisha mkia wa ubapa, angejaza ulimbo mpya na kukisimamisha kisu kwenye mchanga mpaka kishike, tena kwa namna inayoweza kufumuliwa siku nyingine. Lakini ilikuwa Ijumaa usiku. Nikatumia gundi ya haraka, tone moja kwenye kila mpini, gundi ambayo haina uwezo wa kuziba pengo lolote.

Jumamosi shangazi akakata mkate mbele ya wageni. Ubapa ulibaki umesimama wima katikati ya mkate. Mpini ulibaki mkononi mwake. Akautazama mpini, akausogeza karibu na macho.

"Mwanangu, huyu mnyama ni nani?"

"Simba, shangazi. Ndiye fedha yenyewe."

"Ulisema visu ni bandia." Akachukua uma mmoja, akaupindua, akaona doa la manjano. "Na hizi za mji wa N?"

"Hizo," nikasema, "ni za kulia."