Ulinzi wa mashindano makubwa: tunamlinda shabiki au tunajilinda naye?

Uwanja wa Stade de France, kaskazini kidogo mwa Paris, una kumbukumbu mbili ambazo hazifai kusimuliwa moja bila nyingine.

Ya kwanza ni ya Novemba 13, 2015. Ufaransa ilikuwa ikicheza na Ujerumani mechi ya kirafiki, uwanja umejaa, Rais François Hollande yuko jukwaani. Kama robo saa hivi baada ya mpira kuanza ukasikika mlipuko mkubwa, na dakika chache baadaye mwingine. Picha za televisheni zinamwonyesha beki Patrice Evra akiwa na mpira mguuni, anasita, kisha anaendelea kucheza. Washambuliaji watatu waliojifunga mabomu walijilipua, na wote walilipukia nje. Usiku ule waliuawa watu 130 Paris na viungani mwake, lakini pale uwanjani, penye makumi ya maelfu ya watu, aliyeuawa ni mmoja, naye alikuwa nje ya geti.

Ya pili ni ya Mei 28, 2022, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kati ya Liverpool na Real Madrid. Mashabiki wa Liverpool waliokuja mapema walielekezwa kwenye njia nyembamba inayopita chini ya barabara kuu, na hapo ukaguzi wa kuzuia ugaidi ukawa umechanganywa na ukaguzi wa tiketi. Foleni ikaganda. Watoto, wazee na watu waliokuwa kwenye viti vya magurudumu wakabanwa humo, kisha polisi wakawapulizia dawa ya pilipili na kuwarushia mabomu ya machozi, wengi wao wakiwa na tiketi halali. Mechi ilichelewa kwa dakika 36, na maandishi kwenye skrini yakaueleza ulimwengu kwamba sababu ni mashabiki kuchelewa kufika. Waziri wa Mambo ya Ndani, Gérald Darmanin, alidai kuwa watu 30,000 hadi 40,000 walikuja bila tiketi au na tiketi bandia. Tiketi bandia zilizonaswa na mashine getini hazikufika hata 3,000. Jopo huru lililoundwa na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, lilitoa ripoti Februari 2023, likaibebesha UEFA yenyewe lawama kubwa, na kusema ni jambo la kushangaza kwamba hakuna aliyekufa.

Uwanja ni uleule. Mara ya kwanza kizuizi cha nje kiliokoa watu, mara ya pili nusura kiwaue. Ukibishana juu ya ulinzi wa michezo bila kuyaweka mambo haya mawili mezani, utaishia ama kudai askari waongezwe kila kona, ama kuona kila askari ni adui. Misimamo yote miwili ni ya kivivu.

Tuanze na wanaotaka ulinzi mkali, maana hoja yao ni nzito. Munich 1972 waandaaji walitaka Olimpiki ya furaha, itakayofuta kumbukumbu ya michezo ya Berlin ya 1936 chini ya Hitler. Walinzi wa kijiji cha wanamichezo walivaa sare za samawati hafifu na hawakuwa na silaha. Wanamichezo waliochelewa kurudi usiku waliruka uzio na hakuna aliyewauliza kitu. Alfajiri ya Septemba 5, Wapalestina wanane wa kundi la Black September waliruka uzio huohuo. Kufikia usiku wa manane wanamichezo na makocha 11 wa Israel walikuwa wamekufa au wako ukingoni kufa, pamoja na polisi mmoja wa Ujerumani Magharibi. Kuna jambo moja katika mkasa ule ambalo mpaka leo linatia uchungu. Polisi walipopanda juu ya paa kujiandaa kuwaokoa mateka, kamera za televisheni ziliwarusha moja kwa moja, na vyumbani mlimokuwa na watekaji mlikuwa na televisheni.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo hakuna mji ulioandaa Olimpiki bila kuweka ulinzi kwenye mafungu makubwa ya bajeti, na Athens 2004, ya kwanza ya majira ya joto baada ya Septemba 11, ilivuka dola bilioni moja kwa ulinzi peke yake. Hofu hiyo haikutoka hewani. Basi la timu ya Togo lilimiminiwa risasi Cabinda, Angola, Januari 2010, siku chache kabla ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Basi la timu ya kriketi ya Sri Lanka lilishambuliwa Lahore, Machi 2009, na Pakistan ikakaa zaidi ya miaka kumi bila kuandaa nyumbani mechi ya Test, ile ya kriketi ya kimataifa inayochukua siku kadhaa. Boston, Aprili 2013, mabomu yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia mbio za marathoni.

Halafu ipo Wembley ya Julai 11, 2021, fainali ya Ulaya kati ya England na Italia, ambayo wapenzi wa mpira hupenda kuisahau kwa kuwa safari hii kosa lilikuwa la mashabiki. Watu wapatao 2,000 wasio na tiketi walivunja milango na kuingia. Wengine walilenga milango ya watu wenye ulemavu, maana huko ndiko ilikofunguka kwa urahisi. Uchunguzi ulioongozwa na Louise Casey ulisema wazi kuwa watu wangeweza kufa. Miaka mitatu baadaye, Miami, fainali ya Copa América ilichelewa kwa zaidi ya saa moja kwa fujo za namna hiyohiyo getini. Anayesema ulinzi ukipunguzwa mashabiki watajilinda wenyewe, aanze kwa kunieleza Wembley.

Upande huu una kikwazo kimoja kisicho cha haki kwao: mafanikio yao hayaonekani. Bomu lisilolipuka halina picha. Mlinzi akifanya kazi vizuri kwa wiki tatu, mhasibu atauliza kwa nini tulimlipa.

Hata hivyo, kutoonekana huko kunafungua mlango wa matumizi mabaya. Kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha kwamba kifaa fulani hakikuhitajika, kila kifaa huhitajika. London 2012 jeshi liliweka makombora ya kutungulia ndege juu ya paa za majengo wanamoishi watu. Wakazi wa jengo moja la Leytonstone walikwenda Mahakama Kuu kupinga, wakashindwa. Wakati huohuo kampuni ya G4S, iliyopewa kazi ya kuleta walinzi zaidi ya 10,000 wa kukagua watu milangoni, ilikiri wiki mbili hivi kabla ya ufunguzi kwamba haiwezi kufikia idadi hiyo. Ikabidi wanajeshi 3,500 wa ziada waitwe, baadhi yao wakikatiziwa likizo. Kombora lilikuwa tayari juu ya paa, mtu wa kupekua mkoba hakuwepo. (Wanajeshi wale, kwa habari zote za wakati ule, walikuwa wapole na wachangamfu kuliko ilivyotarajiwa, na watu wengi waliwasifu.)

Kamera zina kisa chao. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2017 ilichezwa Cardiff, na polisi wa South Wales walijaribu mitambo ya kutambua sura. Mitambo ilipiga kengele mara 2,470, na kati ya hizo 2,297 zilikuwa za uongo. Polisi walijitetea kwamba picha walizopewa za kulinganishia hazikuwa na ubora, na kwamba hakuna aliyekamatwa kimakosa. Tukubali. Teknolojia nayo imeboreka sana tangu wakati huo. Lakini ubora wake haunitishi wala haunifariji kama linavyonisumbua swali la muda: mitambo ikishafungwa kwa ajili ya mashindano, inaondolewa lini?

Ufaransa inatupa mfano mzuri. Sheria ya Mei 2023 iliruhusu kamera zinazochambua mienendo ya umati kwa kompyuta wakati wa Olimpiki ya Paris, bila kutambua sura, kwa majaribio yanayokoma Machi 31, 2025. Michezo, pamoja na ile ya Paralimpiki, ikaisha Septemba 2024. Hata kabla ya tarehe hiyo ya Machi kufika, bunge lilikuwa limeshapitisha kifungu cha kurefusha majaribio hadi 2027, ndani ya sheria iliyohusu usalama wa vyombo vya usafiri. Aprili 2025 Baraza la Katiba likakifuta kifungu hicho kwa kuwa hakikuhusiana na muswada uliowasilishwa. Sidai kuna njama. Nadai tu kwamba neno “majaribio” linahitaji kulindwa kama linavyolindwa geti.

Kuna pia suala la hatari kuhamia penye wazi. Julai 11, 2010, Johannesburg ilikuwa imejaa polisi kwa fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi, na mechi ikaisha salama. Usiku huohuo, Kampala, watu waliokusanyika kuitazama mechi hiyo kwenye viwanja vya raga vya Kyadondo na katika mgahawa wa Kiethiopia walilipuliwa. Zaidi ya 70 waliuawa. Al-Shabaab walisema ni kisasi kwa majeshi ya Uganda kuwapo Somalia, kwa hiyo si kweli kwamba walishindwa Johannesburg wakageukia Kampala. Mechi iliwapa umati uliokaa pamoja kwa saa inayojulikana, pasipo geti. Bajeti nyingi za ulinzi huishia kwenye uzio wa uwanja, na watazamaji walio wengi hawako ndani ya uzio.

Sasa nifike ninapotaka kukaa. Ukizihesabu maiti zilizobebwa kutoka viwanja vya mpira tangu miaka ya 1960, magaidi hawaongozi orodha. Lima, Mei 1964: polisi walirusha mabomu ya machozi, watu wakakimbilia ngazi zilizokuwa na milango ya chuma iliyofungwa, zaidi ya 300 wakafa. Accra, Mei 2001: mabomu ya machozi, mageti yamefungwa, zaidi ya 120. Malang, Indonesia, Oktoba 2022, katika uwanja wa Kanjuruhan: mashabiki wa Arema waliingia uwanjani baada ya timu yao kufungwa, polisi wakarusha mabomu mpaka majukwaani kwa watu ambao hawakushuka, milango ya kutokea ikawa finyu, 135 wakafa. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi ya kutawanya watu kubebwa au kutumika uwanjani. Tatizo ni kwamba polisi hawaajiriwi na FIFA.

Olembé, Yaoundé, Januari 2022, watu wanane walikufa nje ya mechi ya Kamerun na Komoro katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Patrice Motsepe, alisema geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa, na kwamba lingefunguliwa tusingekuwa na msiba ule.

Na uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza, Aprili 1989, ambako waliofariki wamefikia 97, inaonyesha kosa lenyewe lilivyoumbwa. Uzio wa chuma uliwekwa mbele ya jukwaa ili wahuni wasiingie uwanjani. Ulikuwa ulinzi, tena wenye sababu, maana uhuni ulikuwapo. Siku ile umati ulipojazana nje, mkuu wa polisi aliamuru geti kubwa lifunguliwe bila mtu wa kuwaelekeza watu kwenye sehemu zenye nafasi. Wakafuata njia iliyo mbele yao hadi kwenye vizimba vilivyokwishajaa, na uzio ukawazuia kutoka. Polisi waliowaona wakiupanda mwanzoni walidhani ni fujo. Mtu anayekata pumzi alionekana mhalifu kwa sababu uwanja mzima ulijengwa kwa kumdhania hivyo.

Kwa hiyo mizani yangu inaegemea wapi? Upekuzi wa mikoba na miili, uzio wa nje na ulinzi wa mabasi ya timu, vibaki. Munich na Novemba 2015 zimeshajibu. Kamera zinazochambua umati nazikubali zinapotazama msongamano, na kwa muda unaokoma kweli. Makombora juu ya paa nayaona zaidi kama maonyesho, ingawa sina siri za jeshi. Ila fedha zikibana, kinachokatwa kwanza kisiwe mtu wa getini. Atlanta 1996, bomu lililowekwa katika bustani ya Olimpiki liligunduliwa na mlinzi wa kawaida, Richard Jewell, aliyeuona mkoba chini ya benchi na kuanza kusaidia kuwaondoa watu kabla haujalipuka. Shukrani aliyopata ni kushukiwa na FBI kwa karibu miezi mitatu kabla ya kusafishwa; mhalifu halisi, Eric Rudolph, alijulikana baadaye. Jicho lililofunzwa bado linashinda, na ndilo linalolipwa vibaya kuliko vyote.

Lipo pia hitaji moja lisilogharimu karibu chochote: mtu mwenye mamlaka ya kuchelewesha mechi. Hillsborough mpira ulianza kwa wakati huku watu wakibanwa, ingawa kuahirisha kwa dakika 20 kungeweza kupunguza shinikizo nje. Siku hizi saa ya kuanza ni ya televisheni kuliko ya uwanja, na ofisa wa usalama anayeitaka isogezwe huwa na viongozi watatu wa kuwapigia kabla ya kujibiwa. Kombe la Dunia la 2026 lilipangwa kuwa na mechi 104 katika miji 16 ya nchi tatu, kila mji na polisi wake, na Marekani peke yake ikatengea miji yake 11 dola milioni 625 za ulinzi. Mikataba ya mashindano yoyote yajayo iandike wazi, kwa kila uwanja, ni ofisa gani anayeweza kusema “subirini” bila kumwomba mtu ruhusa, na jina lake lijulikane kabla tiketi hazijaanza kuuzwa.