August Ahlqvist na ndugu saba

Ukimtaja August Ahlqvist Ufini, profesa na mhakiki wa karne ya 19, haichukui muda utasikia jina la mwandishi Aleksis Kivi. Mwaka 1870 riwaya ya Kivi, Seitsemän veljestä, yaani "Ndugu Saba", ilianza kuchapishwa kwa vijitabu. Ahlqvist akaipasua: kichekesho, doa katika fasihi ya Kifini. Wachapishaji wakaingiwa na woga. Kitabu kilipotoka tena kikiwa kizima, mwaka 1873, mwandishi alishazikwa, ana miaka 38 tu.

Basi Ahlqvist ndiye aliyemuua? Hapo wengi huongeza chumvi. Kivi alikuwa na madeni, ulevi na maradhi kabla ya tahakiki ile, na alikuwa na watetezi wake, akiwemo profesa Fredrik Cygnaeus.

Tena Ahlqvist hakuwa bwanyenye wa kukidharau Kifini. Mamake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1847 alishiriki kuanzisha gazeti la Suometar, akasafiri hadi Siberia kuzichunguza lugha zenye nasaba na Kifini, na mwaka 1863 akapokea kiti cha uprofesa cha Elias Lönnrot, mkusanyaji wa Kalevala, utenzi wa taifa wa Wafini. Kwa jina la A. Oksanen alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuandika soneti, mashairi ya mistari 14, kwa Kifini. Mwaka huohuo wa 1863 amri ya mfalme wa Urusi, aliyeitawala Ufini wakati huo, ndiyo kwanza ilikiahidi Kifini nafasi sawa ofisini na Kiswidi, lugha ya wakubwa.

Sasa soma riwaya yenyewe kwa macho ya Ahlqvist. Vijana wenye nguvu za kuangusha miti wamekaa kwa karani wa kanisa, wanahangaika na alfabeti kama watoto wadogo, mwisho wanatoroka kwa kuvunja dirisha. Kwa mtu aliyekesha akithibitisha kwamba wakulima hawa ni watu makini, lugha yao inafaa chuo kikuu, huku ni kuvuliwa nguo mbele ya wageni. Hofu hiyo naielewa. Ila alisoma haraka: ndugu hao hao baadaye wanarudi kijijini, wamejua kusoma.

Ladha yake ningemsamehe. Kinachonikwama kooni ni kwamba profesa wa Kifini alitoa hukumu ile ya 1870 katika Finlands Allmänna Tidning, gazeti la Kiswidi.